Milango Sitini ya Ghala la Mikono

1

Kufikia siku ya tisa, Tusajigwe Mwambene alikuwa ameacha kuwaambia watu kwamba tatizo litakwisha leo. Alikuwa amesema hivyo mara nane, kila asubuhi kwa uso mkavu wa mtu anayeijua kazi yake, na kila jioni akayameza maneno yake bila hata maji ya kusukumizia. Kwa hiyo alipopita mapokezi na kumkuta Sekela kwenye benchi lile lile la kona, mumewe ubavuni, alisalimia haraka na kutaka kupitiliza. Sekela hakumwachia nafasi.

"Dada Tusa, leo ni ya themanini na nne."

"Najua, mdogo wangu."

"Nimesema tu, ili tujue wote."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Tusa. Angetukanwa angejitetea. Alisimama pale na mkoba wake begani, akamtazama Ambokile.

Ambokile, mume wa Sekela, alikuwa fundi cherehani mjini Tukuyu, mtu wa miaka thelathini na minane aliyeshona sare za kwaya karibu zote za pande zile. Wiki kumi na mbili kamili zilizopita aliamka akakuta upande wake wa kulia umegoma. Mguu ulirudi, ingawa kwa kuvutavuta. Ulimi nao ukarudi, japo maneno sasa yalimtoka moja moja. Mkono haukurudi. Aliubeba kwa mkono wa kushoto, akiuweka pajani na kuuondoa pajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa amshikie.

Kituo cha Mikono kilikuwa na hesabu yake. Mtu aliyepigwa na kiharusi ana siku tisini ambazo ubongo wake hukubali kufundishwa upya kwa wepesi. Zikipita, mlima unakuwa mrefu mno. Mafunzo ya kuanzia ni siku saba mfululizo, hairukwi hata moja. Ambokile akianza leo, ya saba itaangukia siku ya tisini. Akianza kesho, amechelewa.

Na asingeweza kuanza leo, kwa sababu milango yote sitini ya Ghala ilikuwa wazi na haikutaka kufungika.

Tusa alipita katikati ya ukumbi wa mazoezi kuelekea chumbani kwake. Mtu aliyeingia humo mara ya kwanza angedhani amefika mahali pa wendawazimu wapole. Mama mmoja alikuwa akichuma chai isiyokuwepo, vidole viwili vikidokoa majani hewani na kuyatupa begani. Pembeni yake mwalimu mstaafu alikamua ng'ombe ambaye yeye peke yake ndiye aliyemwona. Kila mmoja kwenye mkono wake mgonjwa alivaa kitambaa chembamba cha kahawia, kuanzia kucha hadi kiwiko, kilichogandishwa kwenye ngozi kisiweze kubanduliwa kabla ya wiki sita. Wataalamu walikuwa na jina refu la kitambaa hicho. Wagonjwa walikiita soksi, na jina hilo ndilo lililoshika.

Soksi iliongea na Ghala, na ndani ya Ghala ilikaa mikono ya watu: wachuma chai, washonaji, wakamuaji, wasusi, watu mia mbili na zaidi waliokubali mwendo wa vidole vyao urekodiwe na kutunzwa. Mkono mzima uliorekodiwa uliuongoza mkono uliolala. Soksi iliitekenya misuli kwa umeme mdogo na kuipeleka polepole, hivyo hivyo unavyomshika mtoto mkono kumfundisha kuandika, mpaka siku moja mkono unakumbuka wenyewe.

2

Kuingia Ghalani kulihitaji mlango. Ndivyo Tusa alivyouita alipoandika programu hiyo miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na miaka ishirini na tisa na kiburi cha kutosha vijiji vitatu. Mgonjwa akianza zoezi, programu inamfungulia mlango. Baada ya saa moja zoezi linakwisha, mlango unafungwa, na mwingine anaupata. Ghala lilihimili milango sitini tu kwa wakati mmoja. Kwa kupokezana hivyo, milango sitini iliwatosha watu mia nne kwa siku.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kila hatua ambayo mkono ulijifunza iliwekwa kwanza mezani, kwa muda, na ikaandikwa kwenye kitabu cha kudumu pale tu mlango ulipofungwa vizuri. Mlango ukivunjwa, vya mezani vinamwagwa. Tusa alipanga hivyo makusudi, maana hatua iliyoandikwa nusu ni hatari. Mkono unaweza kujua kukamata kikombe cha chai ya moto na usijue kukiachia.

Siku tisa zilizopita watu sitini waliingia na milango yao haikufungwa. Kesho yake walirudi kupitia milango ile ile, wakafurahi kwamba siku hizi hakuna kusubiri, wakaenda zao. Wengine mia tatu na arobaini walibaki nje. Na mezani kulikuwa na kazi ya siku tisa ya watu sitini, haijaandikwa popote.

Shaka ya kwanza ya fundi yeyote ni kwamba mahali fulani programu inafungua na kusahau kufunga. Tusa alipasaka kila mahali panapofunguliwa mlango. Palikuwa arobaini na moja. Kila mahali hapo palikuwa na amri ya kufunga, hata kwa zoezi lililokatika njiani kwa hitilafu. Alisoma mara mbili kwa macho, kisha kwa sauti na kidole chini ya mstari kama mwanafunzi wa darasa la pili. Kila kitu kilikuwa sawa, na hapo ndipo alipozidi kukasirika, maana kosa usiloliona linakudharau.

Asubuhi hiyo, Sekela akiwa bado anamwasha moyoni, aliacha kusoma kile programu ilichoambiwa kufanya. Aliliuliza Ghala lenyewe kila mlango unafanya nini sasa hivi. Ghala likamjibu kwa mistari sitini, yote ikisema jambo moja:

Amri ya kufunga imepokelewa. Hali: kusindikiza.

Alilitazama lile neno la mwisho. Kwanza hakulijua. Kisha akalijua, na masikio yakamwaka moto. Ni yeye aliyeliandika.

Nyumbani kwao mama yake alikuwa na sheria, na haikuwa ya mama yake peke yake. Mgeni akiondoka huagani naye mlangoni ukageuka. Unatoka naye, unamsindikiza hadi njia panda, na hata mkishaagana unabaki umesimama unamtazama mpaka apotee machoni. Tusa alipokuwa na miaka saba aliachiwa mlango amtazame shangazi wa baba yake anayeondoka. Harufu ya maharage ilimshinda, akafunga mapema. Shangazi akageuka kupunga mkono, akapungia mbao. Maneno yaliyozuka katika ukoo yalichukua miezi miwili kutulia, na Tusa hakufunga tena mlango kwa haraka maishani mwake.

Ndiyo maana alipoandika programu alilifunza Ghala adabu. Likiambiwa kufunga, liuache mlango wazi kidogo mpaka mgeni apotee machoni. Wakati ule mtandao wa milimani ulikuwa wa kusuasua, na hatua za mwisho za zoezi zilifika zimechelewa. Mlango uliofungwa usoni mwao uliziangusha. Kwa hiyo ilikuwa adabu na ilikuwa ufundi pia. Soksi za zamani zilinyamaza zoezi lilipokwisha. Dakika mbili za kimya, Ghala likasema mgeni ameshapotea, likaandika vya mezani, likafunga.

Soksi mpya hazikunyamaza. Mwaka uliopita mgonjwa mmoja alianguka katikati ya mashamba ya chai na akapatikana kesho yake mchana, yu hai kwa bahati tu. Tusa mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba soksi zijazo ziwe na mpigo: kila sekunde saba ziseme "nipo", zoezi liwepo lisiwepo, kwa nguvu ya joto la mwili, na zisikike kwenye mnara wa mawasiliano wa kilimani hata kutoka chini ya kichaka. Zilifika siku tisa zilizopita. Zilifanya kazi vizuri mno. Na Ghala lake lenye adabu lilikuwa limesimama mlangoni siku tisa, likiwatazama wageni sitini ambao kila sekunde saba walikuwa bado wanaonekana.

"Mjinga wewe," Tusa alisema, na hakuwa na hakika anamwambia nani kati yao wawili.

3

Daktari Gwakisa Mwaisumo, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mpole mwenye mazoea ya kukwaruza meza kwa ukucha anapofikiri. Alimsikiliza Tusa mpaka mwisho na meza ikapata mikwaruzo mipya. Kisha akauliza maswali, na yote yalikuwa ya maana.

Aliuliza kama programu haiwezi kurekebishwa. Tusa akasema inaweza, kwa nusu saa, lakini lazima Ghala lizimwe kwanza, na kulizima ni kuvunja milango yote sitini na kumwaga vyote vya mezani. Aliuliza kuhusu kuzima mnara kwa dakika mbili ili wageni wote wapotee. Tusa alikuwa ameshaliwazia hilo. Ghala likikosa mnara linajua kwamba limepofuka lenyewe, na likipofuka linavunja. Aliuliza kuhusu kuufunga mkono kwa bati ili mpigo usitoke. Tusa akamwonyesha mkono wake mwenyewe, ambao alikuwa ameuvisha soksi ya majaribio na kuuzungushia bati laini la jikoni mpaka kiwiko. Mpigo ulikuwa unapenya kama kawaida, kwa sababu ndivyo alivyoagiza.

Daktari akavuta orodha ya wagonjwa sitini.

"Hatuhitaji kuvunja sitini," alisema. "Leo tunahitaji mmoja tu."

Kidole chake kilishuka hadi mlango wa kumi na saba. Anyandwile Mwakibete, miaka sabini na minne, mchoma matofali aliyestaafu. Alisema mzee huyo amekula chumvi ya kutosha, hana mtoto anayemtegemea, na mkono wake umeshapona nusu. Akipoteza siku tisa atazirudia polepole. Ambokile ana watoto watatu na cherehani inayoota kutu. Aliyasema haya akiitazama meza, bila kuyafurahia.

"Na mzee tutamwambia nini?" Tusa aliuliza.

"Hakuna haja. Ugonjwa huu hupanda na kushuka. Kesho mkono ukimgomea, atadhani ni kupanda na kushuka."

Tusa alikijua kitufe. Kilikuwa kwenye kishikwambi chake, na kubonyeza kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Alimfikiria Sekela akihesabu siku kwenye benchi. Akajikuta anataka kubonyeza, na alijiona vibaya kwamba anataka.

"Mimi nitajua, Daktari," alisema hatimaye. "Ngoja nikamuulize mwenyewe."

"Akikataa?"

Tusa alikuwa ameshatoka.

4

Mzee Anyandwile alikuwa amekaa dirishani, amevaa shati jeupe, akifunga vifungo. Alikuwa anavifunga vyote kuanzia chini hadi shingoni, anavifungua, anaanza upya. Kila kifungo kilichukua kama dakika nzima. Kidole gumba kilikuwa kinatetemeka, kinakosea tundu, kinarudi. Tusa alimwamkia, akavuta kiti, akamweleza yote bila kupunguza: kosa ni lake yeye Tusa, mlango mmoja unahitajika leo, na ukivunjwa mkono wake mzee utasahau siku tisa.

Mzee aliuliza hizo siku tisa zina nini ndani. Tusa alitazama kwenye kishikwambi. Kijiko kilikuwa kimeandikwa zamani, na kikombe, na fimbo.

"Vifungo," alisema. "Zote ni vifungo tu."

Mzee akafunga kimoja. Akauliza anayesubiri ni nani, na alipoambiwa ni fundi cherehani alicheka kidogo puani.

"Huenda ndiye aliyelishona shati hili. Basi nifungieni, mwanangu. Mimi nimeshavaa mashati mengi."

Tusa alifungua mdomo kushukuru, lakini mzee hakumngoja. Alisema ana ombi moja tu. Ng'ambo ya korongo anakaa dada yake, na tangu augue, kila Jumapili dada huyo humfunga vifungo kwenye ua wa kanisa, mbele ya watu, huku akimkemea asimame wima kama mtoto wa chekechea. Anataka aende sasa hivi, avue shati mbele yake na kulivaa, dada amwone mara moja. Wakiufunga mlango saa kumi na moja jioni hatalalamika.

Ilikuwa saa nane na nusu. Zoezi la mwisho la siku lilianza saa kumi na mbili. Tusa akakubali, akachukua kishikwambi chake, akatoka naye.

Hakuna aliyemtuma kwenda naye. Angeweza kumuaga kwenye ngazi na kurudi chumbani kusubiri. Lakini mtu anayekupa kitu kama kile humwachi kwenye ngazi. Walipita nyuma ya jiko la kituo, wakapita migomba, wakaingia kwenye njia ya udongo mwekundu kati ya mashamba ya chai, mzee na fimbo yake, Tusa nusu hatua nyuma. Walizungumza habari za matofali, na kwamba ya siku hizi yanapasuka kabla ya kufika juani. Kwenye njia panda mzee alisimama.

"Rudi sasa, mama. Umenifikisha."

"Twende mpaka pale kwenye mti."

"Ukifika kwenye mti utasema mpaka kwenye jiwe. Nawajua ninyi." Lakini alikuwa anatabasamu, na waliendelea.

Walifika ukingoni mwa korongo saa tisa na robo. Njia ilishuka kwa kasi na kupotelea kwenye mianzi minene, na maji yalisikika chini kabisa. Mzee alimwambia hapa lazima arudi kweli, kwa sababu huko chini na ng'ambo yake hata simu hugeuka kipande cha sabuni, na mtu wa kompyuta hana kazi huko. Tusa akasema sawa. Wakaagana kwa mikono miwili. Mzee akaanza kushuka, na Tusa akabaki amesimama.

Alisimama kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mzee alikwenda polepole, akiweka fimbo, kisha mguu, kisha fimbo. Kwenye mianzi ya kwanza aligeuka, akainua mkono wenye soksi na kumpungia. Tusa akapunga. Mzee akageuka, mianzi ikamfunika, na njia ikawa tupu.

Kishikwambi kilikuwa mkononi, kimefunguliwa kwenye mlango wa kumi na saba, kwa sababu saa kumi na moja angelazimika kukibonyeza. Alikitupia jicho. Mpigo wa mwisho: sekunde kumi na nne.

Kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba mzee ameanguka, na mguu mmoja ulikuwa tayari umeshateremka njiani. Kisha fundi aliyekuwa ndani yake akamshika. Mtu aliyeanguka bado ana joto, na soksi yake bado inasema "nipo". Ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya. Soksi hii ilikuwa inaongea kama kawaida. Ila ilikuwa inaongea mahali ambapo mnara hauoni.

Sekunde thelathini na tano. Sekunde sitini. Tusa hakuthubutu hata kuuhamisha mguu wake. Sekunde mia moja, na nzi akatua kwenye kioo, akamwacha. Kisha mstari ukabadilika.

Mgeni haonekani. Kurasa zimeandikwa. Mlango umefungwa.

Alikaa chini kwenye majani, palepale, na sketi yake ya kazini, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha na alikuwa na haya. Siku tisa alikuwa amesaka jibu kwenye kioo, na kwa miaka yote hiyo mama yake alikuwa amemwonyesha linavyofanywa kwa miguu. Akampigia Daktari Gwakisa, akamwambia mlango wa kumi na saba uko huru na Ambokile aingizwe sasa hivi.

"Umemfungia mzee?" sauti ya daktari ilikuwa nzito.

"Hapana. Ameondoka mwenyewe, na vifungo vyake vyote."

Hakurudi kituoni. Alimngoja mzee pale ukingoni, na alipomwona akipanda, shati limefungwa hadi shingoni, macho mekundu ya mtu aliyekwisha kuaga kitu, alimkimbilia kumwambia kwamba kitu hicho hakiondoki. Mzee alilazimika kuelezwa mara mbili. Kisha akasema "ndaga", shukrani ya huko kwao, akaisema tena, akamtazama Tusa kwa jicho la pembeni.

"Kumbe kunisindikiza kote huku ulikuwa na shida zako," alisema.

5

Asubuhi iliyofuata waliondoka wengine hamsini na tisa. Walioweza kutembea walikwenda kwa miguu, na ndugu zao. Wasioweza kutembea walipelekwa na gari la kituo hadi ukingoni na kubebwa kwa machela hadi kwenye mianzi. Mwalimu mstaafu alitaka kujua kama kutakuwa na chai huko chini, na kwa kuwa aliuliza kwa sauti, chai ikapatikana. Sekela, ambaye mume wake alikuwa tayari ndani, hakukaa kwenye benchi. Alimshika mkono mama mmoja ambaye watu wake walikuwa mbali, akamteremsha korongoni hatua kwa hatua, akimwambia wapi pana utelezi. Tusa alisimama juu na kishikwambi chake, akiwatazama wapotee mmoja mmoja.

Saa sita mchana mlango wa mwisho kati ya ile ya siku tisa ulikuwa umefungwa. Ambokile alikuwa amemaliza zoezi lake la pili alfajiri, na yeye akasindikizwa pia. Mezani hapakuwa na kitu. Tusa akalizima Ghala bila kumdhuru mtu, na ile nusu saa aliyomwambia daktari ikaanza.

Daktari Gwakisa alishauri adabu yote iondolewe: zoezi likiisha, mlango ufungwe, basi. Tusa aliifikiria kwa haki, maana mtu aliyekosea kwa siku tisa hana haki ya ukaidi. Lakini hatua za mwisho bado zilichelewa kufika siku za mvua, na mpigo usingeondoka, kwa sababu mashamba ya chai yalikuwa palepale na watu walikuwa bado wanaanguka. Dawa haikuwa kupunguza adabu. Alipolifunza Ghala kusindikiza, alikuwa amelifunza kazi ya mwenyeji tu. Alisahau kwamba na mgeni ana neno lake, lile ambalo mzee alimwambia kwenye njia panda.

Akaliandika. Mgonjwa akimaliza zoezi, agonge meza mara mbili kwa mkono wenye soksi. Hiyo ni "rudi sasa". Ghala likisikia, linapokea hatua za mwisho, linaandika, linafunga. Asiyeweza kugonga ashikwe mkono na kugongeshwa.

Ambokile hakuweza. Siku ya tatu ya mafunzo Sekela aliuinua mkono wake na kuugonga mezani, taratibu, mara mbili. Siku ya nne vivyo hivyo, na ya tano, na ya sita. Ndani ya soksi alikuwa anaongozwa na mikono ya mshonaji mmoja wa zamani, na kwa saa nzima vidole vyake vilikunja upindo wa nguo isiyokuwepo, vikachoma sindano, vikavuta uzi. Zoezi likiisha vilikuwa vinalala kama vilivyolala siku ya kwanza, na Sekela alikuwa anatazama dirishani ili uso wake usionekane.

Siku ya saba Tusa alikuja ukumbini, akajifanya anakagua nyaya za ukutani. Nyaya hazikuwa na tatizo lolote. Sekela alimwona akaelewa.

"Leo ni ya tisini, dada," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mdogo wangu."

Zoezi likaisha. Umeme ukakatika kwenye soksi, mikono ya mshonaji ikarudi Ghalani, na mkono wa Ambokile ukabaki mezani peke yake. Sekela alinyoosha wake kumsaidia. Ambokile akatikisa kichwa.

"Ngoja," alisema.

Wakangoja. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, na Tusa alikuwa ameshaanza kuandaa maneno ya kumfariji, yale yale ambayo wote watatu wangeyajua kuwa hayana nguvu. Kisha kidole cha shahada kikaruka kidogo, kama mtu anayeshtuka usingizini. Kifundo cha mkono kikapanda unene wa kitabu. Kikashuka, kikagonga meza.

Sekela akaurudisha mkono wake pajani.

Kikapanda tena, safari hii polepole zaidi, kikitetemeka, na kikagonga mara ya pili.

Kwenye kioo mstari ukaandikwa kwamba mgeni ameaga na mlango umefungwa. Muuguzi, ambaye hakujua chochote, aliita jina la anayefuata kwenye benchi la kona. Sekela alikuwa ameinamisha uso kwenye kitenge chake, mabega yakimtikisika, na Tusa alikuwa anauangalia waya mmoja ukutani kwa umakini usio na sababu. Ambokile alisukuma kiti nyuma ili kumpisha mwenzake. Kwa mazoea mkono wake wa kushoto ulikwenda kuubeba wa kulia, ukasita katikati ya njia, ukarudi. Akainuka, na mkono wa kulia ukainuka naye.